Watoto Walioachwa na Ukimwi, na Sisi Tuliowaficha

 Tumefika miaka kumi tukiwa bado na sanduku letu, kufuli tatu na funguo tatu kwa watu watatu. Ufunguo umepotea mara moja tu, na mwenyewe anajijua.

Kamati ya kitabu iliniomba mimi mwenyekiti niandike historia. Nilikaa nayo wiki mbili nikiwaza. Hesabu za hisa na mikopo ameziandika katibu kwenye kurasa za mbele, tena ameziandika vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi niliyeishia darasa la saba. Basi nimeona niandike historia nyingine, ile iliyotufanya tuwe na mfuko wa jamii tangu siku ya kwanza, kabla hata hatujapatana bei ya hisa moja. Nayo ni historia ya watoto waliofiwa na wazazi wao kwa Ukimwi. Wengi wenu mnaijua kwa kuwa mlikuwemo. Wengine ndio mliokuwa hao watoto.

Ugonjwa huu ulionekana nchini kwetu mara ya kwanza mwaka 1983, mkoani Kagera, wagonjwa watatu walipogunduliwa katika hospitali ya Ndolage. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha miaka minne tu kabla. Biashara ya magendo na Uganda ilikuwa motomoto, na watu wa kule wakauita ugonjwa ule Juliana, kwa jina la nguo za magendo zilizokuwa zikipendwa siku zile. Waganda wao waliuita silimu, kwa sababu unamkondesha mtu. Sisi huku Kigoma tulisikia habari hizo redioni kama unavyosikia mvua ya nchi nyingine. Tulisema ni mambo ya Bukoba.

Kumbe sisi ndio mwisho wa reli na mwanzo wa ziwa. Treni inafika hapa tangu mwaka 1914. Liemba ilikuwa ikienda Kasanga hadi Mpulungu kule Zambia, na mitumbwi inavuka kwenda Kalemie na Uvira. Anayesafiri analala njiani, na wanaolala njiani ni watu kama sisi. Kabla miaka ya 80 haijaisha, mikoa yote ya bara ilikuwa na wagonjwa. Halafu mwaka 1993 wakaja wakimbizi wa Burundi kwa maelfu, na mwaka 1996 wa Kongo wakavuka ziwa, na wako watu hapa Ujiji mpaka leo wanasema Ukimwi uliletwa na wakimbizi. Si kweli. Mimi nilizika watu wangu, na ugonjwa ulikuwa umeshafika na umeshakaa kitako kabla ya hao wakimbizi.

Ni kweli mkoa wetu haukuwahi kuwa kama Iringa au Mbeya. Serikali ilipopima watu nchi nzima mwaka 2003 na 2004, ilikuta kama watu wazima 7 katika kila 100 wana virusi, na Kigoma ilikuwa katika mikoa ya chini. Lakini huku kuwa wa chini kulikuwa na ubaya wake. Kule Kagera kila nyumba ilikuwa na msiba, ikabidi watu waseme. Hapa kwetu zilikuwa nyumba chache chache, kila nyumba ikajificha peke yake.

Tulikuwa na maneno mengi ya kutosema neno. Mtu amekanyaga waya. Ana ngoma. Mbele ya wafiwa tulisema alikuwa na kifua, au karogwa na mke mwenzie. Tukitoka nje ya uzio tunasema lile lingine kwa sauti ya chini. Na watoto ndio wanaocheza nje ya uzio. Hilo hatukuliwaza hata kidogo.

Sasa niseme habari ya nyumbani kwetu, maana siwezi kuwasema wa jirani nikaacha kwangu.

Dada yangu mkubwa alikuwa mfanyabiashara. Alipanda Liemba na magunia yake, akarudi na vitu vya Zambia, alikuwa mchangamfu na sauti yake ilisikika kabla hujamwona. Mumewe alifariki mwaka 1994. Yeye akafuata mwaka 1996, baada ya kulala ndani miezi mitano. Aliacha watoto watatu: mvulana wa miaka 12, msichana wa miaka 6, na kitoto kilichokuwa bado mgongoni. Hicho kilimfuata mama yake baada ya miezi saba. Dawa hazikuwepo. Hata zilikokuwepo hazikuwa za watu kama sisi.

Siku ya msiba watoto walipelekwa kwa jirani, kama ilivyo desturi yetu. Wazee walisema mtoto asione maiti, asije akaingiwa na simanzi. Makaburini wanawake hatuendi, seuze mtoto wa kike. Jioni yule msichana alirudi, akakuta watu wengi na mikeka, akaniuliza, "Mama mdogo, mama yuko wapi?" Nikamwambia mama amesafiri na meli. Sikupanga kusema hivyo. Lilinitoka tu, kwa sababu ndilo jibu nililokuwa nikimpa siku zote mama yake alipokuwa hayupo, na siku zote lilikuwa kweli.

Mnajua wote kwamba meli ikitoka kusini inapita mbele ya Ujiji kabla ya kufika bandari ya Kigoma. Basi yule mtoto kila akiiona meli inakuja kutoka kusini, anakimbia nyumbani, ananawa miguu, anavaa gauni lake la Idd, anakaa barazani. Anakaa mpaka giza. Gauni likawa fupi, likambana kwapani, bado analivaa. Alifanya hivyo kwa miaka miwili. Mimi nilimwona. Bibi yake alimwona. Majirani walimwona. Hakuna aliyemwambia, kila mmoja akingoja mwenzake aseme.

Alipofika darasa la pili siku moja meli ilipita, na yeye alikuwa uani akiosha vyombo, hakuinua kichwa. Nikamwuliza, huoni meli? Akasema, naiona. Akaendelea kuosha. Ndipo nikajua ameshaambiwa. Baadaye nilisikia ni mtoto mwenzake shuleni, waligombania kalamu, akamwambia mama yako alikufa na miwaya. Ndivyo alivyopata taarifa ya kifo cha mama yake.

Kaka yake hakudanganywa, maana alikuwa mkubwa, alimwona mama yake akikata roho. Lakini hakuna aliyekaa naye akamwuliza neno. Tulimwambia wewe sasa ni mwanamume. Akaanza kukojoa kitandani, mtoto wa miaka 12. Mimi nilimchapa. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilidhani ni uvivu na jeuri, kumbe mtoto mwenye huzuni hufanya hivyo, na wapo wanaofanya hata baada ya miaka mingi ya kulala pakavu. Halafu akaanza kupiga wenzake, akaacha shule, akaenda ziwani na wavuvi wa dagaa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kushika karabai usiku. Wakati wa mbalamwezi wavuvi wanapopumzika alilala ufukweni, hakurudi nyumbani. Nyumba ya baba yao ilikuwa na mtumbwi na mashine na nyavu. Eda ilipokwisha walikuja ndugu wa upande wa baba wakavichukua vyote, wakasema wanawatunzia watoto. Dini yetu inakataza vikali kula mali ya yatima, na waliokuja kuchukua waliijua dini kuliko sisi.

Leo yule mvulana ni mtu mzima, ana mtumbwi wake na watoto wanne. Ananiletea migebuka. Habari ya mama yake hajaizungumza na mimi hata siku moja.

Aliyewaokoa wale watoto, kwa kadiri walivyookoka, ni bibi yao. Mama yangu mzazi hakuwa na cha kuwapa, alikuwa anauza mawese kwa chupa. Lakini baada ya yule msichana kujua, bibi alianza kumsimulia kila usiku mama yake alivyokuwa mdogo. Alivyoiba sukari. Alivyoogopa radi. Alivyokataa posa ya kwanza kwa sababu mwanamume alikuwa na magoti makubwa. Mimi nilikasirika, nikamwambia mama, unamwongezea mtoto uchungu. Akanijibu kwamba mtoto ana njaa na mimi nataka kumnyima chakula kwa kuogopa atavimbiwa. Mtoto alikuwa analia usiku akisimuliwa, ni kweli. Lakini alianza kucheka tena mchana, na hilo nililiona mwenyewe.

Nilikuja kujua baadaye kwamba wenzetu walikuwa wameshaligundua jambo hilo na kulifanyia kazi. Uganda walitangulia. Mwaka 1987 mama mmoja, Noerine Kaleeba, aliyefiwa na mumewe kwa Ukimwi, alianzisha na wenzake chama cha TASO. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alijitokeza hadharani akasema ninao, na kabla mwaka haujaisha akafariki. Mwaka 1992 wanawake wa Uganda wenye virusi wakaunda umoja wao, NACWOLA. Hao ndio walioeneza kitabu cha kumbukumbu. Mama mgonjwa anaandika daftari kwa ajili ya mtoto: ulizaliwa wapi, nani alikupa jina, babu zako ni akina nani, mimi nilipenda nini utotoni, ninaumwa nini. Nasikia wazo lilitoka Uingereza, kwa wamama wa Kiafrika waliokuwa wanaumwa huko ugenini, na Uganda wakalichukua wakalifanya lao. Jambo kubwa ni kwamba mama akianza kuandika, inambidi amwambie mtoto. Hawezi kuandika ukurasa wa ugonjwa huku mtoto anachungulia begani. Wanawake wengi walikwama kwenye ukurasa huo, na waliouvuka walisema watoto walikuwa wanajua kitambo.

Hapa kwetu Tanzania iko kazi iliyofanyika Nshamba, wilaya ya Muleba, Kagera. Kuna mpango ulioitwa Humuliza, neno la Kihaya la kufariji. Mswisi mmoja, Kurt Madörin, pamoja na wenyeji, waliona kwamba mashirika yanahesabu sare na madaftari ya yatima, lakini hayaangalii moyo. Wakawafundisha walimu wa shule za msingi kumtambua mtoto mwenye msiba. Yule anayesinzia, yule anayepiga wenzake, yule anayekaa dirishani. Hapo nilipopasikia nilinyamaza, kwa sababu nilimkumbuka niliyemchapa.

Mwaka 2000 watoto wenyewe wa kule waliunda umoja wao, wakauita Vijana Simama Imara. Viongozi ni wao, walikuwa wanasaidiana kulima na kutembelea wazee, na wakaweka na benki yao ya akiba. Ndugu zangu, someni tena hapo. Yatima wa miaka 13 na 14 wanaweka akiba na kukopeshana, na sisi watu wazima tulikuwa bado tunabishana kama upatu ni halali. Na mwaka 2003 hapo hapo Nshamba ukaanza mpango wa Kwa Wazee, wa kuwapa bibi na babu wanaolea wajukuu posho kidogo kila mwezi. Ningependa sana mama yangu angeyaona hayo. Yeye alilea wajukuu kwa chupa za mawese.

Tena kuna uchunguzi wa Kagera ambao mwanangu aliyesoma alinieleza kwa Kiswahili. Watafiti walizunguka nyumba zaidi ya 900 kati ya mwaka 1991 na 1994, na mwaka 2004 wakawatafuta watu wale wale tena, hata waliohamia mbali. Wakakuta mtoto aliyefiwa na mama kabla ya kufika miaka 15 amekuwa mtu mzima mfupi kwa kama sentimita 2 kuliko ambavyo angekuwa, na amesoma pungufu kama mwaka mmoja. Sentimita 2 si kitu ukimtazama mtu barabarani. Lakini ina maana msiba ule ulikwenda mpaka kwenye mifupa. Nilimpima yule mpwa wangu kwa macho siku hiyo. Mama yake alikuwa mrefu.

Serikali nayo ilichelewa kisha ikaamka. Siku ya mwisho ya mwaka 1999 Rais Mkapa alitangaza Ukimwi kuwa janga la taifa, na mwaka 2001 ikaundwa TACAIDS. Ada ya shule ya msingi ilifutwa, na mwaka 2002 watoto wakajaa madarasani mpaka chini ya miembe. Mwaka 2004 dawa za kupunguza makali zikaanza kutolewa bure. Ndugu msomaji uliye kijana, huwezi kujua mwaka ule ulikuwa na maana gani. Tuliona watu waliokwisha kushonewa sanda wanarudi sokoni. Mwaka 2009 ikaja Sheria ya Mtoto, inayosema mtoto asinyimwe kunufaika na mali aliyoiacha mzazi wake. Ziliundwa kamati za mitaa za watoto waishio katika mazingira hatarishi, jina refu, sisi bado tunasema yatima. Mwaka 2016 ikaamriwa kila atakayekutwa na virusi aanze dawa bila kungoja adhoofike, na mwaka huo huo ada ya sekondari ikaondolewa hadi kidato cha nne. Utafiti wa 2022 na 2023 ulikuta watu wazima wenye virusi nchini wamepungua hadi 4.4 katika 100.

Kwa hiyo kikundi chetu kilipoanza, watu walisema huo mfuko wa yatima wa nini tena, Ukimwi umeisha makali. Vikundi vya namna yetu vilianza mbali, Niger, mwaka 1991, shirika la CARE lilipowasaidia wanawake wa vijijini kuweka akiba, na huku kwetu vikaja kujulikana kama VICOBA. Mfuko wa jamii ni sehemu ya mtindo huo. Mimi nilisimama kidete kwamba uwepo na uwe na pesa, si jina tu. Wengine walidhani ni ubishi wangu. Sikuwaambia habari ya gauni la Idd.

Mwaka wetu wa tatu tulimpoteza mwanachama. Sitamtaja jina, ingawa nyote mnamjua. Alikuwa hachelewi mkutano wa Alhamisi ila kwa kuchelewa kweli kweli, na faini alilipa huku akicheka. Alikuwa na dawa, alikuwa anazificha ndani ya debe la unga mumewe asizione. Halafu akahofia kuonekana kliniki, akaanza kuruka miezi. Alikufa kwa ugonjwa ambao una dawa ya bure. Alikaa na sisi wanawake 30 kila wiki, tulishika funguo za pesa zake, na hakuona hata mmoja wetu wa kumwambia. Hilo ni letu. Si la mumewe peke yake.

Wiki ya pili shemeji yake alikuja na karatasi, anadai hisa zote za marehemu. Tulibishana mpaka Isha. Hatukuwa na kanuni iliyoandikwa, kwa hiyo tukampa nusu ili aondoke. Lilikuwa kosa, na wa kulaumiwa ni mimi niliyekubali kwa uchovu. Tangu hapo kila kitabu cha hisa kina jina la mrithi ukurasa wa kwanza, na kama mrithi ni mtoto, pesa inalipwa kidogo kidogo mbele ya wanawake wawili.

Aliacha msichana wa miaka 13 na mvulana wa miaka 9. Tukajiuliza, tuwaambie au tusiwaambie mama yao alikufa na nini? Kikundi kiligawanyika. Waliokataa hawakuwa na roho mbaya. Walisema watoto watatangaza, watachekwa shuleni, na mtoto wa kike hataposwa. Waliokubali walisema wataambiwa tu, kwa ugomvi wa kalamu. Hapo ndipo nilipowasimulia ya nyumbani kwetu, mara ya kwanza, tukiwa tumekaa juu ya mkeka, na nililia mbele yenu mwenyekiti mzima. Tukakubaliana.

Tulikwenda watatu, pamoja na bibi yao. Msichana alisema, "Najua, bibi. Mimi ndiye niliyekuwa namletea maji ya kumezea." Alikuwa ameitunza siri ile peke yake miaka miwili, mtoto mdogo vile, wala mama yake hakumwomba. Mvulana alinyamaza. Kisha akauliza maswali mawili. La kwanza: "Na mimi ninao?" La pili: "Nani atanunua sare?" Aliyauliza kwa sauti ile ile, kama ni maswali ya ukubwa mmoja. Tulimjibu la pili hapo hapo, kwa sababu mfuko ulikuwa na pesa. La kwanza tulimpeleka akapimwe, akiwa na bibi yake na dada yake. Majibu ni yake, hayaandikwi hapa.

Tena tulitaka kuwagawa, mmoja Kasulu kwa mjomba, mmoja abaki Ujiji. Tulidhani tunampunguzia bibi mzigo. Msichana akasema mkitutenganisha nitaacha shule. Tukaona tuwaulize badala ya kuwapangia. Wakabaki pamoja, na kikundi kikawa kinapeleka unga na dagaa kila mwisho wa mwezi. Nilipowatazama wawili wale, nilifahamu kwamba watu wazima tunafikiri mtoto anafarijiwa na sisi, kumbe muda mwingi wanafarijiana wao kwa wao, usiku, sisi tukiwa tumelala. Wapwa zangu niliwatenganisha. Mmoja ziwani, mmoja ndani.

Hapo ndipo yalipoanza madaftari. Habari ya vitabu vya kumbukumbu vya Uganda niliisikia kwenye semina, nikaileta. Kanuni yetu ni kwamba anaandika kila mwanachama, mzima na mgonjwa, ili asijulikane nani ni nani. Tulinunua daftari kubwa kubwa, yanakaa ndani ya sanduku pamoja na vitabu vya hisa. Asiyejua kuandika anasema na katibu anaandika. Mambo yaliyoandikwa humo si ya kuhuzunisha tu. Kuna mama ameandika kurasa tatu za jinsi ya kutengeneza mawese yasiyochacha. Kuna aliyeandika deni analomdai jirani tangu mwaka 2011, watoto wakalidai. Wengi wameandika, wachache bado. Mimi nilikuwa karibu wa mwisho.

Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei hadi Agosti, dagaa hakuna, hisa zikashuka, wapo waliotaka tuuvunje mfuko wa jamii tuugawe uwe mikopo. Tulipiga kura kwa mawe, mfuko ukabaki, kwa tofauti ndogo ambayo sitaitaja maana bado kuna waliokasirika. Nawaheshimu, walikuwa na njaa majumbani. Lakini Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya kazi ya Ukimwi nchini, nilihesabu pesa ya mfuko ule mara mbili nikamshukuru Mungu ipo.

Mpwa wangu yule wa gauni la Idd alijifungua mtoto wake wa kwanza mwaka 2012. Nilikuwa nimemshikia kitoto, akaniuliza bila hasira, "Mama mdogo, kwa nini mlinifanya nimsubiri?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia niliogopa. Akasema, mimi nilikuwa siogopi, nilikuwa nangoja tu. Jibu langu refu zaidi nimeliandika kwenye daftari, kurasa sita, na yeye ameshalisoma ingawa mimi bado ni hai, maana ni mwanachama na siku hiyo zamu ya ufunguo ilikuwa yake.

Yule mwenzetu aliyefariki hakuacha daftari, lilikuwa halijaanza. Kwa hiyo tuliwaandikia watoto wake sisi. Tulikaa Alhamisi nzima, kila mmoja akasema anachokumbuka, katibu akaandika mpaka mkono ukauma. Mvulana sasa yuko kidato cha tatu. Kila siku ya mgao anakuja na dada yake, anaomba lile daftari, na ukurasa anaoutaka ni ule ule, wa siku mama yake alipoanguka majini pale Kibirizi akiteremka mtumbwini na ndoo ya dagaa kichwani, akazama mpaka shingoni na ndoo ikabaki juu, hata dagaa mmoja hakumwagika. Anausoma kwa sauti. Wapo wanachama waliokuwepo siku hiyo wanaosema si kweli, dagaa walimwagika karibu wote. Kila mwaka tunabishana upya, na mwaka huu tulibishana mpaka chai ikapoa.